Stendi ya baiskeli: Ipi ya bei nafuu inamfaa mkulima na mchuuzi?

MAZIWA hayasubiri. Mchuuzi anayeyakusanya alfajiri kwa wafugaji na kuyapeleka mjini kwa baiskeli ana saa chache tu kabla hayajaanza kuchachuka. Cheni ikikatika katikati ya safari, hasara yake haiishii kwenye bei ya cheni mpya. Inaingia kwenye maziwa yaliyomo ndani ya keni, kwa mama ntilie aliyekosa maziwa ya chai, na kwa mfugaji ambaye jioni atadai fedha zake kama kawaida.

Mara nyingi cheni ya namna hiyo haikuanza kuharibika siku hiyo. Ilianza kulika wiki nyingi nyuma, kila jioni baiskeli ilipoegemezwa ukutani ikiwa na tope na mchanga, na asubuhi ikapandwa tena bila hata kufutwa.

Wenye baiskeli wengi wanajua kwamba chombo hicho kinatakiwa kusafishwa. Kinachowakwamisha ni namna ya kukishika wakati wa kazi. Gurudumu la nyuma likiwa chini haliwezi kuzungushwa mahali pamoja, na bila kulizungusha si rahisi kuifikia cheni yote, kupaka oili wala kuona kama ringi imepinda. Matokeo yake baiskeli hupinduliwa, matairi juu, siti na usukani vikasagika kwenye udongo, au humwagiwa ndoo ya maji na kuachwa ijikaushe yenyewe.

Kifaa kinachomaliza tatizo hilo ni stendi ya kuweka sakafuni. Hata hivyo, mnunuzi asipokuwa makini anaweza kulipia stendi iliyotengenezwa kwa ajili ya baiskeli tofauti kabisa na yake, na ikaishia kuwa ya kutundikia nguo.

Baiskeli ya kazi ina mambo yake

Katika maeneo kama Shinyanga, Tabora, Singida na Ifakara, baiskeli ni gari la mizigo na la abiria. Inabeba mpunga, mkaa, madumu ya maji, matenga ya nyanya na watu. Nyingi ni zile za fremu nzito ya chuma na magurudumu ya inchi 28, kama Phoenix kutoka China, au Hero na Avon kutoka India.

Baiskeli ya aina hiyo ikiwa tupu ina uzito wa takriban kilo 20, na ikifungwa keria ya nondo uzito unaongezeka. Ina madigadi, kifuniko cha cheni, na vyuma vya keria vilivyofungwa pamoja na nati za ekseli ya nyuma. Baadhi zina breki za vyuma badala ya waya.

Stendi nyingi zinazoletwa kutoka nje zimebuniwa kwa baiskeli za michezo, ambazo ni nyepesi, hazina keria na upande wa nyuma uko wazi. Ndoano zake zinaweza kugonga kifuniko cha cheni au kukosa pa kushika kwa sababu ya vyuma vya keria. Hapo ndipo fedha ya mnunuzi inapopotelea, kwa kuwa stendi ni nzuri lakini haiingii kwenye baiskeli yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, mnunuzi anatakiwa kujua mambo matatu: baiskeli yake ina uzito gani, stendi itaishika sehemu gani, na itatumika kwa kuhifadhi tu au kwa kusafisha pia.

Aanze na ile aliyonayo

Baiskeli nyingi za inchi 28 huja na stendi ya miguu miwili iliyofungwa kwenye ekseli ya nyuma. Ikishushwa, gurudumu la nyuma huinuka kidogo kutoka ardhini. Ikiwa bado nzima, stendi hiyo inatosha kwa usafishaji wa kawaida, maana gurudumu linazunguka na cheni inafikika.

Tatizo ni kwamba ndiyo hiyo inayobeba mzigo wote wakati wa kupakia gunia au keni. Baada ya muda miguu hupanuka au kupinda, springi hulegea na baiskeli huanza kuinamia upande mmoja. Aidha, kwa kuwa imefungwa kwenye ekseli, haiwezi kushikilia baiskeli wakati gurudumu la nyuma linapofunguliwa kuziba pancha au kubadilisha gololi.

Mwenye baiskeli ambaye stendi yake imepinda tu anaweza kuipeleka kwa fundi wa kuchomelea ikanyooshwa na kuongezewa kipande cha chuma kati ya miguu miwili. Gharama yake ni ndogo kuliko kununua nyingine. Anayehitaji stendi ya sakafuni ni yule ambaye yake imekwisha kabisa, mwenye baiskeli zaidi ya moja, au anayefanya matengenezo mwenyewe nyumbani.

Aina zinazopatikana

Ya kwanza ni stendi ya kupachika tairi. Hii ni fremu ya chuma yenye nafasi ambamo tairi la mbele au la nyuma husukumwa likashikwa pande zote mbili. Kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini na ndiyo inayoonekana mbele ya maduka na ofisi. Inafaa kwa kuhifadhi, lakini kwa kusafisha haina msaada mkubwa kwa sababu gurudumu lililoshikwa halizunguki.

Stendi hii ina hatari moja. Ikishika tairi sehemu ya chini tu, kisha baiskeli ikasukumwa na mtoto au mbuzi, uzito wote wa fremu hulalia ringi na kuipinda. Inayofaa ni ile inayopanda juu na kulishika gurudumu mahali pawili, chini karibu na sakafu na juu karibu na usawa wa ekseli.

Upana wa nafasi nao una maana. Tairi la inchi 28 la kawaida lina upana wa takriban milimita 40, na la baiskeli ya mlimani ya inchi 26 hufika milimita 50 au zaidi. Nafasi ikiwa pana mno, baiskeli inayumba. Ikiwa nyembamba mno, tairi linakwaruzika kila siku.

Ya pili ni stendi ya ekseli ya nyuma. Ina miguu miwili iliyosimama juu ya kitako kipana, na juu ya kila mguu kuna kikombe au ndoano ya kupokea ncha ya ekseli au mabomba ya fremu karibu na ekseli. Gurudumu la nyuma linaning’inia huru. Hii ndiyo inayofanya kazi zote mbili, kuhifadhi na kusafisha, kwa gharama isiyo kubwa.

Ya tatu ni stendi ya kushika chini ya pedeli. Baiskeli hukalishwa kwenye kikombe mahali ekseli ya pedeli inapopita. Ni nyepesi na huchukua nafasi ndogo, lakini pedeli huwa hazizunguki kwa uhuru katika baadhi ya miundo, na baiskeli yenye keria nzito huielemea upande wa nyuma.

Ya nne ni stendi ya fundi, yenye mlingoti na mkono unaobana bomba la siti na kuinua baiskeli nzima hadi usawa wa kifua. Ni nzuri kwa mwenye karakana, lakini ni ghali. Kabla ya kuinunua ni lazima kusoma uzito unaoandikwa kwenye boksi. Stendi iliyoandikwa kilo 25 imebakiza nafasi ndogo sana kwa baiskeli ya kilo 20 ambayo imefungwa keria ya nondo.

Pia wapo wasionunua chochote, wanaotundika baiskeli kwa kamba mbili kwenye kenchi au tawi la mti, moja ikishika siti na nyingine usukani. Kwa kusafisha mara moja moja njia hiyo inafaa, ingawa baiskeli hucheza wakati wa kazi. Muhimu ni kuhakikisha kamba na kenchi ni imara, kwani kilo 20 zikimwangukia mtoto zinaweza kumuumiza vibaya.

Kwa mkulima au mchuuzi mwenye baiskeli moja au mbili, aina ya pili ndiyo inayolipa zaidi.

Vipimo vya kwenda navyo dukani

Kosa kubwa la wanunuzi ni kwenda kununua stendi bila baiskeli. Ikiwezekana baiskeli yenyewe iende dukani. Isipowezekana, mnunuzi achukue futi ya fundi na kuandika vipimo vitatu kwenye karatasi.

Cha kwanza ni kimo cha ekseli ya nyuma kutoka sakafuni, tairi likiwa limejazwa upepo. Kwa baiskeli ya inchi 28 kimo hicho ni takriban sentimita 36, na kwa ya inchi 26 yenye tairi nene ni takriban sentimita 33. Stendi inatakiwa kuzidi kimo hicho kwa sentimita 3 hadi 5. Ikizidi chini ya hapo, tairi litagusa sakafu mara stendi inapozama kidogo kwenye udongo. Ikizidi mno, baiskeli inainamia mbele na kuinyanyua kunakuwa kazi ya watu wawili.

Cha pili ni upana wa ekseli kutoka ncha hadi ncha, pamoja na nati, vyuma vya keria na miguu ya stendi ya zamani kama bado ipo. Miguu ya stendi mpya lazima ipite nje ya vitu hivyo vyote.

Cha tatu ni urefu wa ncha ya ekseli inayotokeza nje ya nati. Ikitokeza sentimita moja au zaidi, kikombe chembamba kinatosha kuipokea. Isipotokeza, stendi italazimika kubeba nati yenyewe, na hapo kikombe kinatakiwa kuwa na umbo la herufi V lenye upana wa kutosha.

Kutengenezesha kwa fundi

Mara nyingi stendi inayofaa zaidi baiskeli ya kazi haipo kwenye boksi dukani. Ipo kwenye mikono ya fundi wa kuchomelea, awe wa Gerezani jijini Dar es Salaam, wa maeneo ya SIDO mikoani au wa pembeni mwa soko la wilaya. Fundi anaitengeneza kwa vipimo vya baiskeli yenyewe, na ikivunjika anajulikana alipo.

Kwa baiskeli ya inchi 28, muundo rahisi ni huu. Kitako kinakuwa na vyuma viwili vya urefu wa sentimita 50 vinavyokwenda sambamba na gurudumu, moja kila upande, na vyuma viwili vya sentimita 45 vinavyokatiza mbele na nyuma. Katikati ya kila chuma cha pembeni husimamishwa mguu, kiasi kwamba kikombe cha juu kiwe sentimita 39 au 40 kutoka sakafuni.

Kila mguu unashikiliwa na mihimili miwili ya mshazari, mmoja mbele na mwingine nyuma, yenye urefu wa sentimita 35 hivi. Kwenye maungio ya chini huongezwa vipande vidogo vya bati nene vya pembetatu ili miguu isipanuke kwenda pembeni.

Vyuma vyote hivyo kwa pamoja vinafika mita 4 na kidogo. Kwa kuwa bomba la mraba la inchi moja kwa kawaida huuzwa kwa urefu wa karibu mita 6, bomba moja linatosha na kipande kinabaki. Anayeona bomba jipya ni ghali anaweza kuuliza vipande vilivyobaki kwenye kazi za mageti na madirisha, au kutumia engo za kitanda kilichovunjika, mradi kutu haijatoboa chuma.

Mteja aelewane na fundi mapema kama bei inajumuisha chuma, fito za kuchomelea na rangi. Malumbano mengi kati ya wateja na mafundi huanzia hapo. Mwenye chuma chake aulize bei ya kazi tu.

Stendi ikishachomelewa ikwanguliwe kutu, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta. Vikombe vifungwe vipande vya mpira wa tairi kuukuu ili chuma kisile nyuzi za ekseli. Chini ya kitako, hasa kwa nyumba yenye sakafu ya udongo, viwekwe vipande vinne vya bati pana au mbao ili stendi isizame.

Majaribio kabla ya kulipa

Iwe ya dukani au ya fundi, stendi isilipiwe kabla ya kujaribiwa. Baiskeli ipandishwe na mtu mmoja, yule yule atakayeitumia nyumbani. Akishindwa kuipandisha akiwa peke yake, stendi hiyo itatumika wiki ya kwanza tu.

Baada ya hapo siti isukumwe taratibu kulia na kushoto. Baiskeli ikicheza pamoja na stendi, kitako ni chembamba. Ikicheza baiskeli na stendi imetulia, vikombe ni vipana mno.

Pedeli izungushwe kwa mkono mizunguko kadhaa mbele na nyuma. Isiguse chuma chochote, na cheni ipite bila kukwaruza mguu wa stendi. Mwisho mnunuzi aangalie maungio yote. Uchomeleaji mzuri umejaa pande zote. Ule wenye matundu au ulioshika upande mmoja utaachia siku baiskeli itakapokuwa juu.

Jambo moja lisisahaulike. Stendi ya aina hii ni ya kubeba baiskeli tupu. Isitumike kupakia mzigo, na mtu asipande kwenye siti wakati baiskeli iko juu yake.

Kuisafisha ikiwa kwenye stendi

Faida ya stendi huonekana siku ya usafi. Kwa baiskeli inayofanya kazi kila siku, kufuta cheni na kuangalia breki mara moja kwa wiki ni utaratibu unaowezekana. Wakati wa masika, au kwa anayepita kwenye udongo wa mbuga unaonata kama ule wa Usukumani, tope liondolewe siku hiyo hiyo kabla halijakauka.

Kazi ianze kwa kufunga breki ya mbele kwa kipande cha mpira wa tyubu, ili gurudumu la mbele lisitembee. Tope likwanguliwe kwa kijiti, kisha fremu na magurudumu vioshwe kwa kitambaa na maji yenye sabuni kidogo. Maji yasimwagwe kwa nguvu kwenye habu, kwenye ekseli ya pedeli wala kwenye shingo ya usukani. Humo ndimo zinamokaa gololi, na maji yakiingia huondoa grisi na kuleta kutu isiyoonekana hadi siku gurudumu linapoanza kulia.

Cheni hufutwa kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, mkono mmoja ukishika kitambaa na mwingine ukizungusha pedeli polepole kwenda nyuma. Kazi hii ifanywe mbali na moto na sigara, na mafuta hayo yasidondokee raba za breki wala matairi. Wanaozungusha pedeli wawe waangalifu na vidole, kwani cheni na meno yake havina huruma.

Baada ya kukauka, oili nyepesi idondoshwe tone moja kwenye kila pingili, upande wa ndani wa cheni, kisha inayobaki nje ifutwe. Oili nyingi haiongezi kinga. Inakamata vumbi na mchanga na kuugeuza kuwa msasa unaokula cheni na meno ya friwili. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini nayo haifai, kwa kuwa tayari imebeba chembe za chuma. Mafuta ya kupikia huganda na kunata.

Wachuuzi wa samaki na dagaa wana sababu ya ziada ya kuosha. Maji ya chumvi yanayodondoka kutoka kwenye tenga huharakisha kutu kwenye spoki, ringi na cheni. Hali ni hiyo hiyo kwa mkulima aliyebeba mbolea ya chumvichumvi, na kwa aliyemwaga maziwa ambayo yakichacha hugeuka asidi. Hao wasisubiri siku ya usafi. Wafute kila jioni.

Kukagua wakati gurudumu liko juu

Wakati gurudumu linaning’inia, dakika chache za ukaguzi zinaweza kuokoa siku nzima ya kazi. Gurudumu lizungushwe na kutazamwa likipita kati ya raba za breki. Likikaribia upande mmoja na kuachana na mwingine, ringi imeanza kupinda au spoki zimelegea. Spoki ziguswe moja moja. Iliyolegea hujulikana kwa urahisi.

Gurudumu lishikwe juu na kusukumwa kulia na kushoto. Likicheza, koni za habu zimelegea na gololi zinagongana. Habu ya nyuma kwa kawaida hubeba gololi 9 za robo inchi kila upande. Kuzibadilisha mapema na kuweka grisi mpya ni nafuu kuliko kusubiri hadi habu nzima iliwe.

Cheni ibonyezwe juu na chini katikati ya safari yake kati ya pedeli na friwili. Inatakiwa kucheza takriban sentimita moja. Iliyolegea zaidi huruka meno, na iliyokaza mno huumiza gololi.

Uchakavu wa cheni nao hupimwa kwa rula. Umbali kutoka pini moja hadi pini ya 24 baada ya hiyo ni inchi 12 kamili kwa cheni mpya. Ukifika inchi 12 na moja ya nane, cheni imekwisha na ibadilishwe. Anayeendelea kuitumia atanunua cheni, friwili na gia ya mbele kwa mpigo.

Mahali pa kuihifadhi

Stendi nzuri ikiwekwa juani imepoteza nusu ya faida yake. Jua hukausha na kupasua matairi, na mvua hufanya kazi yake kwenye chuma. Mahali pazuri ni chini ya paa, penye hewa, mbali na jiko la kuni na mbali na magunia ya chumvi au mbolea.

Kama baiskeli haitatumika kwa wiki kadhaa, mfano msimu wa kulima ambapo mchuuzi amerudi shambani, isafishwe, ipakwe oili na iachwe juu ya stendi huku matairi yakiwa na upepo. Tairi lililokaa bila upepo likibeba uzito wa baiskeli hukunjika na kupasuka pembeni. Ghala la nafaka lina panya, na panya hawabagui kati ya gunia na mpira wa tairi, hivyo ukaguzi wa mara kwa mara unahitajika.

Stendi ina manufaa mengine kwa ulinzi. Kipande cha chuma kilichobaki kwa fundi kinaweza kupindwa kuwa pete na kuchomelewa kwenye kitako, kisha mnyororo na kufuli vikapitishwa kwenye pete hiyo, kwenye fremu na kwenye nguzo ya nyumba.

Hesabu kabla ya kutoa fedha

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mfano, mchuuzi ambaye faida yake ni sh 8,000 kwa siku akipoteza siku moja kila mwezi kwa sababu ya cheni, gololi au ringi, amepoteza sh 8,000 kabla hajamlipa fundi. Stendi iliyotengenezwa kwa sh 40,000, ikimwokolea siku hiyo moja tu, imerudisha fedha yake ndani ya miezi 5. Tarakimu hizo kila mmoja azibadilishe kwa zake, kulingana na bei za mahali alipo na anachoingiza.

Hesabu hiyo hiyo inaweza pia kumwambia mtu asinunue. Anayeitumia baiskeli kwenda dukani mara mbili kwa wiki hatairudisha fedha hiyo haraka. Kwake yeye kamba mbili na kenchi imara zinatosha.

Wenye kipato kidogo wanaweza kushirikiana. Vijana watano wa daladala za baiskeli wanaoegesha kijiwe kimoja, au wachuuzi wanaotoka kijiji kimoja, wakichangia stendi moja kila mmoja analipa sehemu ya tano. Wapangiane siku za usafi, waikabidhi kwa mmoja wao aitunze, na wachange pamoja chupa ya oili na kopo la grisi. Kikundi kikiwa na baiskeli za inchi 28 na 26, fundi aambiwe atoboe matundu mawili kwenye kila mguu ili kikombe kipande na kushuka kwa bolti.

Stendi peke yake haisafishi baiskeli. Inaondoa tu kisingizio cha kutoisafisha. Mchuuzi anayeipandisha baiskeli yake jioni, akaifuta cheni na kuzungusha gurudumu mara moja kulitazama, anajua alfajiri atakapofunga keni kwenye keria kwamba maziwa yatafika.